Anapata wapi moyo muuguzi ambaye wagonjwa wake hawaponi?

Mdogo wangu, umeuliza muuguzi wa wodi ya saratani anapata wapi moyo wa kurudi zamu ilhali wagonjwa wake wengi anawasindikiza tu. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na maana yake nimeikuta katika mambo madogo yanayofanyika pale kitandani.

Chukua mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kuenea. Mara nyingi kinachomtesha kupita hata maumivu ni harufu ya kidonda, kwa sababu ndiyo inayowafukuza watu. Mmoja niliyemuuguza alikuwa amegeukia ukutani, na binti zake walimletea uji kisha wakasimama mlangoni. Tulikisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, tukasaga vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua bakteria, vikawa unga, tukaunyunyiza na kufunga bandeji safi, tukarudia hivyo kila siku. Harufu ilipopungua, nilimkuta binti mkubwa ameketi kitandani akimpaka mama yake mafuta miguuni. Hakupona, na tulijua hatapona, lakini siku zilizobaki aliziishi akiwa na wanawe, nami sijawahi kutilia shaka kwamba kazi ile ilifanikiwa.

Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari na kufungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa ni ya mwili, ya akili, ya uhusiano wake na watu, na ya kiroho kwa pamoja. Ukilielewa hilo hutasema tena kwamba hakuna cha kumfanyia mgonjwa, kauli ambayo kwa kweli hunikera. Morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, itolewe kila baada ya saa nne kama daktari alivyoandika, bila kungoja mgonjwa alie, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Mwili ukitulia, ndipo utamsikia akizungumzia deni lake, mtoto waliyekosana, au hamu ya kumwona padri au shehe.

Huzuni itakuja, usiizuie. Sisi tulikubaliana kwamba mgonjwa akifariki, aliyemhudumia awasimulie wenzake machache kumhusu kabla ya kukabidhi zamu. Kama kwenu hakuna utaratibu huo, mwombe muuguzi kiongozi muuanze, na umuulizie pia nafasi ya mafunzo ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, kwa maana ni ujuzi wa kutuliza maumivu ulioniondolea mimi ile hali ya kujiona sina msaada.