Ncha za nyota zinamezwa na mshono

SWALI: Shikamoo fundi. Ninashona mfarishi wa viraka wenye nyota za ncha nane, kila nyota inchi 12. Nakata pembetatu mojamoja kisha naziunganisha, lakini kitambaa kinavutika na ncha zinamezwa na mshono. Nijaribu njia gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pembetatu ikishakatwa, upande wake mrefu unakaa hanamu, yaani mshazari kwa nyuzi za kitambaa, na hanamu huvutika hata kwa kuguswa. Basi shona kwanza, ukate baadaye. Chukua miraba miwili ya inchi 8, mmoja wa rangi ya nyota, mwingine wa rangi ya nyuma yake. Ipandanishe, nyuso nzuri zikitazamana. Chora mistari miwili ya pembe kwa pembe, ushone robo inchi kila upande wa kila mstari. Sasa kata katikati kwa wima na kwa mlalo, kisha kata juu ya ile mistari. Utapata vipande vinane, vinavyotosha ncha zote nane za nyota moja! Vifunue, vipige pasi kwa kubonyeza bila kusugua, halafu punguza kila kimoja kiwe inchi 3½, mshono ukipita pembe kwa pembe. Kupunguza kunachosha, najua, lakini usikuruke. Ndiko kunakookoa ncha.

Kushonea juu ya karatasi iliyochorwa pia hutoa ncha kali sana. Mimi hutumia njia hiyo kwa nyota ndogo tu, maana kubandua karatasi kwenye kila mshono kunakula muda. Ukiijaribu, fupisha hatua ya cherehani ili karatasi ichanike kwa urahisi.