Jibu: 24mm au 10-18mm kwa Canon 200D?
Mkuu, umeuliza ununue lenzi ipi kati ya hizi mbili kwa kamera yako ya Canon 200D, upige picha za vyumba vya kupangisha. Chukua Canon EF-S 10-18mm f/4.5-5.6 IS STM; namba ya mm ikiwa ndogo, lenzi inaona eneo pana zaidi. Ile 24mm f/2.8 ni nyepesi na kali, lakini sensa (kipande kinachopokea picha) ya 200D ni ndogo na hukata picha mara 1.6 ukilinganisha na ya fremu kamili, kwa hiyo lenzi hiyo inaona kama 38mm: chumba kidogo hakienei hata ukibana mgongo ukutani. 10mm inakuwa kama 16mm. Giza la ndani lisikutishe. Weka kamera kwenye tripodi ili itulie na ikusanye mwanga kwa muda mrefu, tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 100, zima IS (kizuia mtikisiko cha lenzi). Usiinamishe kamera, kuta zitaonekana zimelala.

Ukinunua lenzi ya mtumba, mulika tochi kupitia kioo chake cha nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, iache lenzi hiyo hata kwa bei ya kutupa.