Mwanangu, usikilazimishe kitu kihubiri

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu swali ambalo halijibiki kwa dakika za vocha: inakuwaje wenzako wa jumuiya kila wiki wana jambo walilojifunza sokoni au jikoni, nawe unayekwenda ibadani kila Jumapili unarudi bila kitu?

Shida yako naiona ni haraka. Unakitazama kitu nusu dakika, tayari unataka kikuhubirie. Kijue kwanza. Jua kinavyofanya kazi, na zaidi ya hapo jua kinavyoharibika.

Chukua chachu. Mathayo 13:33 inasema mwanamke aliisitiri ndani ya pishi tatu za unga. Ukisikia pishi unafikiria bakuli la maandazi ya chai, maana pishi yetu ni vibaba vinne tu. Kipimo cha Kiyahudi kinachotajwa pale ni kikubwa zaidi. Vitatu vyake vinakaribia lita 40, yaani madebe mawili. Madebe mawili ya unga! Hicho si chakula cha nyumba moja, ni cha harusi.

Sasa ingia jikoni. Kilo moja ya unga wa ngano inatosheka na gramu kama 10 za hamira. Maji yawe vuguvugu, kidole kiyavumilie bila kushtuka. Yakiwa ya moto yanaiua hamira, na unga hautaumuka hata uungoje mpaka kesho. Baridi haiui, inachelewesha. Unga unaoumuka kwa saa moja huko Dar es Salaam, huku Tukuyu mwezi Juni utataka saa mbili au zaidi, umefunikwa na kuwekwa karibu na jiko. Mpishi mwenye papara huongeza hamira, na maandazi yananuka kama pombe.

Ukishayajua hayo, mstari ule unaanza kukuuliza maswali. Umemwombea nduguyo muda mrefu na huoni badiliko. Je, ni baridi au ni maji ya moto? Ni kuchelewa tu, au kuna maneno uliyommwagia yakaua kilichokuwa kimeanza? Kama ni baridi, funika ungoje. Kama ni maji ya moto, kuongeza maombi bila kwenda kumwomba radhi ni kuongeza unga juu ya hamira iliyokufa.

Ila si kila kinachopendeza ni somo. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa pale, huiva baada ya kuchumwa. Hilo ni kweli, na wachumaji wa Rungwe na Njombe wanajua kulikata kwa mkasi na kuliachia kikonyo kifupi, kwa sababu likinyofolewa huanza kuozea pale pale kikonyo kilipotoka. Mtu anaweza kusimama akasema: “Mkristo naye haivi mpaka atoke kwenye mti wake.” Watu watapiga makofi. Lakini fungua Yohana 15: tawi lisilokaa ndani ya mzabibu hukauka. Basi somo hilo litupe, hata kama lilikuwa tamu. Acha parachichi liwe parachichi, lile na chumvi.

Kuhusu Jumapili yenyewe, kazi huanza Jumamosi jioni. Masomo yamepangwa kwenye kalenda ya kanisa. Muulize mwinjilisti kama huna. Yasome mara mbili, halafu soma aya iliyotangulia na inayofuata. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani, umejaa kwenye vikombe na vioo vya daladala, lakini mstari wa 10 unataja miaka 70 Babeli. Wengi walioupokea ujumbe ule wangezikwa ugenini. Ndiyo maana mistari ya 5 hadi 7 inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji waliohamishiwa. Wewe uliye kwenye chumba cha kupanga ukihesabu siku za kurudi nyumbani, mstari wa 7 unakuhusu kuliko wa 11.

Ibadani usiandike hoja zote za mchungaji. Mwenye kuandika yote hasikii. Andika mistari mitatu tu: neno lililokukwaza au kukugusa, jambo la wiki hii linalofanana nalo, na kitendo kimoja cha kufanya kabla ya Alhamisi. Kitendo kiwe na jina la mtu au kiasi cha fedha. “Nitakuwa mwenye upendo” si kitendo. “Nitamrudishia jirani ndoo yake” ni kitendo.

Neno la kila siku la Wamoravian, yaani ule mstari wa Biblia uliopangiwa kila siku ya mwaka, ni zuri, nalo lina mtego wake. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, na kitabu cha kwanza kikachapwa cha mwaka 1731. Wamisionari wao wakafika Rungwe mwaka 1891. Mstari wa Agano la Kale hupatikana kwa kura, tena mapema kabla mwaka haujaanza. Kwa hiyo haukupigiwa kura kwa ajili ya mtihani wako au mchumba wako. Usiusome kama ramli. Usome asubuhi, uusome tena jioni, utazame mchana ulipita wapi karibu nao.

Mahali ninapoona masomo mengi kuliko mimbarani ni kwenye mnada baada ya ibada. Mkungu wa ndizi, kuku, trei ya mayai, vinanadiwa nje ya kanisa. Mtu anamnunua kuku kwa bei ambayo sokoni ingekuwa kichekesho, kisha anamrudisha anadiwe tena. Kuku mmoja anatoa sadaka za watu watatu, na aliyemleta huenda hakuwa na shilingi mfukoni. Pale pale utaona na ubaya. Kuna anayepandisha bei ili atazamwe, halafu mweka hazina anamfuata wiki nne kudai. Kuna anayeleta mkungu ulioanza kuoza. Malaki 1:8 inamwambia ampelekee liwali wake, yaani mtawala, aone kama atapokelewa. Dawa ya yule wa kwanza ni nyepesi: hesabu pesa Jumamosi, ziweke mfuko wa peke yake, zikiisha nyamaza hata wakikutaja jina.

Msibani fanya kinyume cha yote niliyosema. Usitafute somo kabisa. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno (Ayubu 2:13), na hapo walifanya vyema. Walianza kuharibu walipofungua vinywa kumweleza maana ya mateso yake. Wewe peleka unga, chota maji, pasua kuni, osha masufuria. Aliyefiwa akikuuliza kwa nini Mungu ameruhusu, unaweza kumjibu hujui, ukaendelea kuosha.

Jumamosi hii anza na Marko 4:26–29. Somo usiandike bado. Andika tu zile kazi ambazo mkulima yule alizifanya, na zile ambazo hakuzifanya, kisha unitumie.

Mama yako,
Tukuyu