Ukihamishwa, fungua mizigo

Yeremia 29:11 tunaupenda sana. Tumeuandika ukutani, kwenye mabasi, kwenye picha za simu: mawazo ya amani, wala si ya mabaya. Nawaomba, wapendwa mliohama bila kupenda, msome sura ile tangu mwanzo. Ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Kabla ya ahadi kuna maagizo: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto, uombeeni amani mji huo mlimo. Na mstari wa 10 unataja miaka 70.

Sisi tulitoka Goma, mashariki mwa Kongo, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021. Lava ilifika Buhene, na nyumba yetu ilikuwa huko. Tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Watu wakajaa barabara ya Sake, wengine wakavuka Rwanda, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Shemeji yangu alikuwa hapa Lubumbashi, kusini mwa nchi, akatuita.

Niliomba sana Mungu anionyeshe njia. Ndoto sikupata, wala sauti. Nilichopata ni mlango wa shemeji, kazi ya mume wangu, na barua ile ya Yeremia iliyosomwa kanisani. Siku hizi naamini kwamba mara nyingi Mungu humwongoza mtu kwa kumpa kazi ya kesho, ramani ya miaka yote akabaki nayo mwenyewe.

Aliyelielewa jambo hili mapema kuliko sisi sote ni mama mkwe. Siku za kwanza kabisa aliuliza jembe liko wapi. Alikuwa amezoea udongo mweusi wa Goma na mvua isiyokaa mbali. Hapa udongo ni mwekundu, mvua hukatika Aprili na hairudi sawasawa hadi Oktoba au Novemba. Akaenda kwa jirani mmoja wa hapa kuuliza wao hupanda lini. Swali hilo moja lilitupatia ndugu. Mvua iliporudi akapanda lenga-lenga, yaani mchicha, na matembele nyuma ya nyumba, kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, na akina mama wa mtaa wakawa wanakuja kuomba mboga, kisha kuomba maombi. Yeye Babeli yake aliilima.

Jihadharini na wanaouza tarehe. Katika sura ya 28, Hanania aliwaahidi watu kwamba mambo yangerudi kama zamani ndani ya miaka miwili. Neno lake lilikuwa tamu kuliko la Yeremia, na halikutoka kwa Bwana. Watu kama yeye wapo kwenye vyumba vya maombi hata leo: leta sadaka, nikwambie utarudi lini. Mimi napima hivi: neno hilo linanisukuma kuwapenda watu wa hapa nilipo, au linanikalisha mlangoni na mabegi?

Kulia si kukosa imani. Mateka walewale, Zaburi ya 137 inatuambia, waliketi kando ya mito ya Babeli wakalia walipoikumbuka Sayuni. Tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025, nami nalia kila nikiongea na ndugu waliobaki. Mtoto akililia nyumbani, usimnyamazishe kwa mstari wa Biblia. Mkumbatie kwanza.

Na wewe uliyefika juzi kwa ndugu, bado hujui utakaa wiki mbili au miaka, usingoje kujua. Mwandikishe mtoto shule iliyo karibu. Jumapili simama kanisani ujitambulishe kwa jina, useme umetoka wapi. Akina mama wakikukaribisha kwenye likelemba, ule mchango wa fedha wa kupokezana kwa zamu, ingia hata kwa fungu dogo. Jioni ukisali, utaje mtaa huo kwa jina lake, na jirani wa kulia, na wa kushoto.