Kitufe hicho ataitika nani?

Mwanangu,

Salamu kutoka Chumbageni. Mimi sijambo, sukari asubuhi ilikuwa 7.2.

Umeniuliza: nitakubali kuvaa mkufu wenye kitufe cha kuomba msaada, kama wa yule bibi jirani yako wa Leicester, au nifunge nyumba nihamie kwa dadako Dar? Kuhama sihami, hilo tusilirudie. La kitufe nimelifikiria.

Bibi wa Leicester akibonyeza, kituoni anapokea mhudumu ambaye tayari ameandikiwa jina la bibi, maradhi yake na nambari za walioachiwa ufunguo. Ukiniletea mkufu huo Tanga, utaita kituo hichohicho cha Uingereza, kama utaita. Mhudumu ataniitikia kwa Kiingereza chake kizuri, halafu amtume nani huku?

Tena kitufe humfaa mwenye fahamu zake. Mimi ninayechoma insulini nahofia sukari kushuka usiku: jasho, mikono kutetemeka, kisha akili inavurugika, na hapo nani atakumbuka kitufe? Ukitaka kutumia pesa, ninunulie sensa ya kupima sukari, ile inayobandikwa nyuma ya mkono na kubadilishwa kila baada ya wiki mbili hivi. Hiyo naweza kuipanga ilie yenyewe sukari ikishuka hadi 4, hata nikiwa nimelala. Simu yangu italia hata bando likiisha; ila ili wewe uone huko, yangu na yako zote zitahitaji intaneti. Ila piga hesabu ya mwaka mzima. Heri nisianze, kuliko niizoee kisha ikatike.

Bangili nimeshatengeneza. Sonara alitaka niweke dhahabu, nikamwambia vibaka watanikata mkono. Ni ya chuma kisichoshika kutu, imechongwa KISUKARI – INSULINI, na kwa ndani nambari ya jirani wa mbele. Usinune kwa kuwa si yako. Nikidondoka soko la Mgandini, anatakiwa mtu wa kufika na bodaboda. Na mkufu chini ya buibui nani atauona?

Jirani huyo ana ufunguo wangu. Binti yake nimemfundisha: sukari ikinishuka na nikiweza kumeza, anipe nusu chupa ya soda yenye sukari, apime tena baada ya dakika 15. Nikiwa nimezimia, asinitie kitu mdomoni, anilaze ubavu, wanikimbize hospitali ya Bombo. Tulipofanya mazoezi aliniletea soda isiyo na sukari, eti "Bibi si una kisukari?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa ameelewa, na amenijazia kwenye simu ule ukurasa wa dharura unaofunguka bila nywila.

Kabla hujanunua, ulizia kama sensa hiyo inakubali simu ya aina yangu. Ukija Desemba lete mbili tu kwanza, tuone kama gundi yake itashika kwa joto hili.

Mamako