Sebule Inavyolea Waandishi

Dada mmoja wa Tabata ameniandikia akiuliza afanyeje ili nyumba yake iwe mahali pa waandishi kukutana, kama ilivyo yangu hapa Magomeni. Ujumbe wake umenikuta siku mbili baada ya uzinduzi wa riwaya ya kijana aliyeisoma sura kwa sura sebuleni kwangu, ambapo alimshukuru mchapishaji, rafiki zake na hata mpiga picha, lakini mimi hakunitaja. Namjibu dada huyu nikiwa bado na donge moyoni.

Nilianza baada ya kufiwa na mume wangu, nikimwiga Georgia Douglas Johnson, mshairi Mmarekani mweusi aliyefiwa na mume wake mwaka 1925, ambaye mchana alikuwa kazini na Jumamosi usiku aliwapokea waandishi nyumbani kwake, mtaa wa S, Washington. Langston Hughes na Zora Neale Hurston, waliokuja kuwa waandishi mashuhuri, walipita humo wangali vijana, na Hughes, alipoandika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka mwaka 1940, hakuisahau keki ya mama huyo wala mazungumzo ya ushairi yaliyoambatana nayo.

Mimi nilikuwa na mkeka, chai ya tangawizi na vitumbua. Kijana yule wa riwaya alikuja na daftari lililoanza na kurasa nne za mvua ya masika. Nilimwomba asome kwa sauti, na alipofika ukurasa wa pili, binti aliyeketi karibu na dirisha alikuwa ameshaanza kuchomoachomoa ukindu wa mkeka. Nikamwambia kijana aanzie pale mama anapofungua mlango na kukuta maji yamefika kitandani. Riwaya iliyochapishwa inaanza na mlango huohuo.

Basi, dada yangu, chagua siku moja wala usiibadilishe, kila mtu asome kwa sauti, na usimsifu mtu kwa kuwa tu ni mgeni wako. Zaidi ya yote, usikubali kuwa mpika chai wa mjadala wa wengine. Wanawake wangapi tumewafungulia watu milango, kisha tukabaki jikoni huku kazi ikijadiliwa sebuleni! Keti mkekani, soma, kosoa, na useme wazi kwamba ulikosoa.

Jumamosi hii tunaanza saa 10 jioni kama kawaida. Kijana yule akija na mswada wake wa pili atapewa nafasi, naye atausoma kwa sauti kama wenzake.