Uliza Karani: Kwa nini jaji hakumhukumu kunyongwa?

SWALI: Shikamoo mzee. Kaka yangu alichomwa kisu mwaloni katika ugomvi wa nyavu za dagaa, akafa. Wiki iliyopita mahakama imesema muuaji hakukusudia, ikampa miaka 12. Mtaa mzima unasema jaji kanunuliwa. Vijana wameapa kummaliza akitoka. Kwa nini hakuhukumiwa kunyongwa?
Dada wa marehemu, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nimeshika majalada ya mauaji Tabora tangu enzi za jaji kutoka huku kuja kwenu Kigoma kwa vikao. Hiyo "kanunuliwa" nimeisikia hata kwa jaji aliyekuwa akienda kazini kwa miguu. Rushwa ipo, sikatai. Mwenye ushahidi aupeleke TAKUKURU, ila miaka 12 peke yake si ushahidi.

Mtaani hawasemi kwamba kwenye kuua kwa kukusudia jaji hachagui adhabu. Akishamtia mtu hatiani, Kanuni ya Adhabu inamwachia kitanzi tu, labda mshtakiwa awe mjamzito au alitenda akiwa chini ya miaka 18. Basi uzito wote unahamia kwenye nia: nani alianza, kisu kilitoka wapi, kilimpata wapi, mara ngapi. Shaka ikibaki, anafaidika mshtakiwa. Kwenye kuua bila kukusudia ndipo jaji anapopima mwenyewe, mpaka kifungo cha maisha.

Tena hata angehukumiwa kunyongwa, asingenyongwa upesi. Hapa nchini kitanzi hakijatumika tangu miaka ya tisini. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya alisema adhabu hiyo inavunja Katiba. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yake 1995. Na 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hatasaini mtu anyongwe. Anayetaka sheria ibadilike, upande wowote, amfuate mbunge wake, amwache jaji.

Hao vijana waambie wanyamaze. Wanachopanga ndicho kukusudia kwenyewe.

Wewe huwezi kukata rufaa, lakini Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa huwekwa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na wiki imeshakatika. Jumatatu nenda ofisi ya mashtaka Kigoma na namba ya shauri, umuulize wakili wa serikali aliyeendesha kesi kama atapendekeza rufaa hiyo. Akikwambia "tutaona", muulize lini.